Kwaresima Iliyotulea

Hotuba ya kwaya katika ibada ya Jubilii ya miaka 50

 

Anayesimama hapa ni mmoja, lakini maneno haya tuliyapika pamoja kwa jioni tatu za mazoezi, na kila aliyekuwapo alitia chumvi yake. Ndiyo maana mtasikia tukisema "sisi" mpaka mwisho.

Mkononi mna kijitabu cha programu. Kurasa zake nyingine zina picha za zamani, walimu wa kwaya waliotangulia, na nyimbo za leo. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeomba nafasi tuzungumze juu ya Kwaresima.

Tulipolileta wazo hili kwenye kamati ya Jubilii, mzee mmoja alituuliza, "Wanangu, watu wanakuja kula pilau na kucheza, nyinyi mnawaletea majivu?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Jibu tulilipata katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 wapige baragumu nchi nzima. Ardhi iliyouzwa irudi kwa wenyewe. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini arudi kwa jamaa yake. Habari hiyo wengi wetu tunaijua. Lakini tazameni siku ambayo baragumu lilipigwa. Lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo ni Siku ya Upatanisho, siku ya watu wote kujinyenyekeza mbele za Mungu. Kwa hiyo mlango wa kuingilia mwaka wa furaha ulikuwa toba. Sisi nasi tunakiri kwamba kwaya hii haikufikishwa miaka 50 na nyimbo za Krismasi na Pasaka peke yake. Ililelewa na Kwaresima.

Siku arobaini bila ngoma

Kwa ajili ya watoto wetu, tueleze kidogo. Neno Kwaresima lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna arobaini. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46, na kijana mmoja wa kipaimara aliwahi kutuuliza kama kanisa linajua hesabu. Linajua. Jumapili 6 hazihesabiwi katika mfungo, kwa sababu kila Jumapili ni ukumbusho wa kufufuka kwa Bwana. Zinabaki 40, kama zile alizofunga jangwani.

Wazee wetu wa kwanza, waliolelewa katika desturi za wamisionari wa CMS, hawakuwa na mazoea ya kupakwa majivu. Waliijua Kwaresima kwa Litania, kwa sala za jioni, na kwa mafundisho ya wanaojiandaa kwa kipaimara. Majivu yalikuja baadaye. Siku hizi Jumatano ile kanisa hujaa saa kumi na mbili asubuhi. Utawaona watu wa reli, watu wa soko, walimu, na wanafunzi wakiwa na sare na mikoba yao. Matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita ndiyo huchomwa. Yale tuliyoyapunga tukiimba Hosana huturudia yakiwa majivu. Sisi wanakwaya, tuliokuwa mbele ya maandamano na kuyapunga kwa nguvu kuliko wote, huyapokea kwenye paji la uso kama mtu mwingine yeyote.

Kwa mwanakwaya, Kwaresima huanzia kabatini. Ngoma na kayamba hufungiwa ndani. Kinanda hufunikwa kitambaa. Utukufu hauimbwi, na Haleluya hatuitamki mpaka asubuhi ya Pasaka. Tunaimba kwa sauti tupu. Wiki ya kwanza huwa ni aibu. Besi inashuka, soprano inapanda, kila mmoja anatafuta pa kujificha na hapaoni. Mwalimu wetu mmoja wa zamani alikuwa akisema kwamba kinanda ni kama mchuzi mzito, kwa kuwa unaweza kufunika wali mbichi. Lakini ikifika wiki ya tatu tunaanza kusikilizana. Tena anajua jirani yake anakosa pumzi wapi, naye anamshikia noti mpaka apumue. Hilo hatukufundishwa na ubao wa solfa. Tulifundishwa na ukimya wa vyombo.

Kisha kuna sala za jioni za nyumba kwa nyumba, Jumatano na Ijumaa. Wageni wetu hushangaa tunapoharakisha kumaliza kabla ya giza. Mashamba ya chini yanapakana na mbuga, na kiangazi kikikaza ndovu huja kutafuta chochote kilichobaki. Hata hivyo tunakwenda, na ni katika sala hizo tulipojuana. Kanisani tunaonana migongo, bali nyumbani tunaonana nyuso. Huko ndiko tulikojua ni paa la nani linavuja, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shuleni, na ni mzee gani hajatembelewa tangu Krismasi.

Kapu la mlangoni

Hapa kwetu chini ya vilima vya Taita, Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili. Ghala limebaki vumbi, na mvua ya masika ama haijafika ama ndiyo kwanza imeanza. Kwa hiyo yupo anayefunga kwa kupenda, na yupo anayefungishwa na njaa. Jambo hili lilikuwa mbele ya macho yetu, lakini tulilijifunza kwa aibu.

Wazee wa Taita bado hutaja njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880, iliyotokea wakati kazi ya misheni pale Sagalla ndiyo kwanza inaanza. Miaka mia baadaye, mwaka 1984, mvua ilikosekana tena sehemu nyingi za Kenya, yakaletwa mahindi kutoka ng'ambo, yale ya njano ambayo watu wa rika letu hawajayasahau. Kwaresima ya 1985 ilitukuta katika hali hiyo. Jioni moja tulikuwa na sala katika nyumba ya mama mjane. Tuliimba wimbo wa mfungo, na mhubiri wa siku hiyo alifundisha kwa kirefu faida za kufunga. Mama alisikiliza kwa heshima. Mwishoni tulimwomba, kama mwenye nyumba, afunge kwa sala. Akasema, "Bwana, mimi nimefunga tangu Jumatatu. Wafundishe na hawa kufunga, ili mimi nifungue."

Tulirudi njia nzima bila kuzungumza. Isaya sura ya 58, inayosema kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, tulikuwa tukiisoma kila Kwaresima. Tuliisoma kwa sauti nzuri, wala haikuwa imetufikia. Jumatano iliyofuata kila mwanakwaya alileta unga wa mlo ambao hakuula. Uliwekwa katika kapu kubwa la mkonge alilolisuka mmoja wetu wa alto.

Kapu hilo limebadilishwa mara nyingi, lakini nafasi yake mlangoni haijabadilika. Halina daftari wala halina msimamizi. Anayeweka anaweka, na anayechukua anachukua. Baada ya ibada mlango huachwa wazi kwa saa nzima na hakuna anayekaa karibu nao, ili asiwepo wa kuona nani amechukua. Machi 2020, ibada zilipofungwa nchini kwa sababu ya korona tukiwa katikati ya Kwaresima, tulidhani kapu nalo limefungwa. Vijana wetu wa boda boda wakalipakia na kulizungusha nyumba kwa nyumba. Mwaka ule hatukuimba Ijumaa Kuu wala Pasaka, lakini kapu halikukosa unga.

Kanda na daftari

Sasa tunafika mahali pagumu. Mama anayehusika alitupa ruhusa kulisimulia hili, kwa sharti moja tutakalolisema baadaye.

Katika miaka ya 1990, wakati wa kanda, kwaya yetu nayo ilirekodi. Tulijinyima, tukaenda studio, tukarudi na kanda ambazo ziliuzwa sana Krismasi hiyo. Mwezi wa pili, hesabu ilipofanywa, fedha hazikutimia. Mweka hazina alikuwa dada mmoja wa sauti ya alto. Alileta daftari, akaeleza alichokijua. Baadhi yetu tuliona ni uandishi mbovu, maana kanda nyingi zilitolewa kwa mkopo na hazikuandikwa. Wengine tuliona ni wizi.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima, katikati ya mazoezi, mmoja wetu alisema kwa sauti, "Siku za mwizi ni arobaini, na Kwaresima hiyo imeanza." Tukacheka. Dada yetu alilikunja joho lake, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, kiongozi wetu mmoja alilitangazia kanisa kwamba fedha za kwaya zimepungua na mhusika anajulikana. Hakumtaja jina. Hapakuwa na haja.

Kwaya ilipasuka. Nusu ya alto hawakuja tena. Wengine walihamia kanisa jingine. Waliobaki walikuwa wakiingia kwa mlango mmoja bila kusalimiana, kisha wanaimba. Na tuseme ukweli, tuliimba vizuri. Watu walitupigia makofi. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba sauti nne zinaweza kupatana wakati wenye sauti hawapatani, na kwamba masikio ya watu hayatambui tofauti.

Kasisi wa wakati huo aliitambua. Alituita, akasema kwa upole, "Kwaya itakaa chini na waumini, bila majoho, mpaka mtakapopatana." Tukakaa chini. Tulitarajia ibada idorore. Haikudorora. Kanisa liliimba bila sisi, likaimba vizuri, na hilo lilituuma kuliko adhabu yenyewe. Lakini kukaa kule kulitupa kitu. Kwa mara ya kwanza tulisikia jinsi Litania inavyosikika kutoka kwenye benchi la nyuma, mama mzee aliye kando yako akiomba rehema kana kwamba ni yeye peke yake mbele za Mungu. Miaka yote tuliyokuwa tukiongoza maombi yale, hatukuwa tumeyaomba.

Juma Takatifu tulituma watu sita kwa dada yetu, wakiwa na sukari na unga, wakamwambie kwamba kwaya imemsamehe. Aliwapokea vizuri, akawapikia chai. Walipokwisha kusema, akawajibu, "Jina langu mlilichafua kanisani mbele ya watu. Msamaha mnauletea jikoni? Na mnanisamehe nini?"

Wale sita walituletea maneno hayo kama yalivyo. Tulibishana mpaka usiku, na mwishowe mmoja wetu akasema jambo ambalo hatukuweza kulipinga: "Sisi hatujui kama alichukua. Hatujui kama hakuchukua. Tunachojua kwa hakika ni kwamba tulicheka."

Ijumaa Kuu, baada ya kusomwa habari ya mateso ya Bwana, tulisimama mbele ya kanisa kwa nguo zetu za kawaida. Tukasema kwamba tulimhukumu mwenzetu bila ushahidi, tukamfanya kichekesho, na kwamba wanaohitaji kusamehewa ni sisi. Yeye hakuwapo, lakini habari zilimfikia siku hiyo hiyo.

Tungependa kuwaambia kwamba Pasaka ile alirudi na kuimba. Haikuwa hivyo. Alikuja kanisani siku ya Pentekoste, akakaa benchi la nyuma. Kwenye kwaya hakurudi, ingawa tulimwomba mara nyingi. Fedha zile mpaka leo hazijulikani ziliendaje. Tumejifunza kuishi bila kujua. Leo mjukuu wake yumo katika safu ya alto, na bibi mwenyewe yumo humu kanisani. Tulipomwendea kuomba ruhusa, alitupa sharti lile tulilolitaja: "Semeni. Lakini semeni yote, msijipambe."

Mama, tumejaribu.

Baragumu la leo

Wapendwa, katika ibada yetu ya Ushirika Mtakatifu ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1989, mwishoni tunarusha mikono kuelekea msalabani, tukipeleka huko shida zetu zote. Watoto wanaipenda sana sehemu hiyo, nasi pia. Lakini ni rahisi kuurusha mkono. Bwana alitufundisha kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako pale, uende kwanza ukapatane naye. Tuna mambo ambayo msalaba unatungoja tuyapitishe kwanza kwa jirani.

Kwa hiyo kwaya yenu imekubaliana mambo manne.

La kwanza, tunalo daftari la madeni ya majoho, sare na michango. Humo mna majina ya watu wengi. Wengine waliacha kuja kwaya kwa sababu ya deni hilo, na wengine waliacha hata kupita njia ya kanisani. Jana jioni mwenyekiti, katibu na mweka hazina walitia sahihi ukurasa wa mwisho. Daftari limefungwa. Hakuna atakayedaiwa, wala hakuna atakayekumbushwa. Kama unamjua ndugu aliyekimbia deni la joho, mpelekee habari hii leo kabla jua halijatua.

La pili, kusamehe si kukosa risiti. Tangu mwaka ule, fedha za kwaya huhesabiwa na watu wawili na kusomwa mbele ya wanakwaya wote kila mwezi. Hilo litaendelea, ili pasiwe tena na dada au ndugu anayebeba peke yake mzigo wa kushukiwa.

La tatu, kila mwaka, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, kwaya itakutana bila kuimba. Tutasikilizana. Mwenye neno na mwenzake atalisema hapo, kwa adabu, uso kwa uso, kabla hatujapakwa majivu.

La nne, kapu litabaki mlangoni. Kwaresima ikiisha, halitarudi kabatini pamoja na kitambaa cha kinanda. Njaa haifuati kalenda ya kanisa.

Tunawashukuru nyinyi waumini. Mlinunua kanda zetu hata msiokuwa na redio ya kuzipigia. Mlituvumilia tulipopiga kelele tukidhani tunaimba. Zaidi ya yote, mlitupa nafasi kwenye mabenchi yenu mwaka ule tulipokuwa hatuna pa kukaa, wala hamkutucheka. Tunawakumbuka pia wenzetu waliolala katika Bwana. Wengi wao tuliwaimbia Kwaresima, maana kifo nacho hakingoji Pasaka.

Muda si mrefu ibada itakwisha na tutaimba wimbo wa mwisho, kwa ngoma, kayamba na kinanda, vyote pamoja. Kwenye benchi la mbele, upande wa kulia, tumepanga majoho yaliyokunjwa vizuri. Hayana majina. Yeyote aliyewahi kuimba katika kwaya hii, hata kwa mwezi mmoja, hata kama aliondoka kwa hasira, hata kama sauti imezeeka, aje avae asimame nasi. Asiyetaka kuvaa aimbe akiwa hapo alipo. Tumejifunza kwamba kwenye benchi la nyuma pia kuna kwaya.

Baada ya hapo, karibuni chakula. Mzee wetu wa kamati, pilau ipo, na kimanga kipo. Majivu tutakutana nayo Jumatano yake, saa kumi na mbili asubuhi, Mungu akitujalia uhai.

Bwana asifiwe. Amina.